Nunua Viungio Kabla ya Injekta

Wengi wanaohamisha injini kutoka kabureta kwenda injekta (pua zinazonyunyizia petroli kwa presha) huanza na vitu vikubwa: kompyuta, injekta zenyewe, pampu. Viungio vya mabomba ya petroli huachwa mwisho, hela zikiwa zimekwisha, na kinachofungwa ni chochote kilichobaki kwenye boksi la gereji. Mimi naupinga mpangilio huo kwa nguvu zote. Kompyuta mbovu itakuacha njiani. Kiungio kibovu kitaunguza gari na walio ndani yake.

Tatizo ni presha. Pampu ya kabureta husukuma petroli kwa paundi 4 hadi 7 hivi kwa inchi ya mraba. Mifumo mingi ya injekta hufanya kazi kwenye paundi 43 au zaidi, na mingi kati ya ile inayofungwa pale pale palipokaa kabureta hutaka 58. Kiungio ambacho zamani kilikuwa kinalowa tu sasa kitarusha petroli kwa vumbi laini, na ekzosi haiko mbali. Kwa hiyo hoja ya kwamba bomba lile lile limefanya kazi miaka yote bila shida haina uzito hapa.

Ukishika kiungio chochote mkononi, jiulize swali moja: hiki kinaziba wapi? Kama huna jibu, usikifunge.

Vipo vinavyoziba kwenye hesi (mikato ya kukazia) zenyewe, kwa kuwa hesi hizo hupungua unene kuelekea ncha. Hivyo vinahitaji dawa ya kuzibia, na ichaguliwe ile isiyoyeyushwa na petroli. Tepu ya tefloni siipendi kabisa katika kazi hii: kipande kidogo kikikatika baada ya filta, safari yake inaishia kwenye injekta. Vipo vya aina ya AN, ambavyo huziba kwa koni yenye pembe ya nyuzi 37, chuma kwa chuma. Hapo hesi kazi yake ni kuvuta tu, na ukiweka tepu unaharibu badala ya kusaidia. Na vipo vinavyoziba kwa oringi. Hivyo navipenda kuliko vyote pale vinapoingia kwenye pampu, regyuleta (kidhibiti cha presha) au reli ya injekta (bomba linalozigawia petroli), mradi oringi iwe ya vitoni au mpira mwingine unaovumilia petroli.

Hatari kubwa ni kuchanganya aina hizi. Mabomba mengi ya magari hupanuliwa mdomo kwa nyuzi 45, si 37, na katika baadhi ya saizi hesi hulingana kabisa. Nati inaingia vizuri, inakaza vizuri, fundi anaridhika, kumbe koni zimegusana kwenye mstari mwembamba tu. Ukikaza zaidi ili kuzuia mvujo unapasua mdomo wa bomba. Viungio vya mabomba ya maji navyo vibaki kwenye maji.

Kuhusu saizi sina maneno mengi. Namba ya AN huhesabu sehemu za 1/16 ya inchi za kipenyo cha nje cha bomba, hivyo namba 6 ni 3/8, na injini nyingi za barabarani zinatoshwa nayo. Ila bomba la kurudisha petroli kwenye tangi watu hulibana mno. Likiwa jembamba, regyuleta haiwezi kushusha presha hata uizungushe vipi, nawe utahangaika na kompyuta ilhali kosa liko chini ya gari.

Hosi nayo ni sehemu ya kiungio. Soma alama ya kiwango ubavuni: J30R7 ni ya presha ya chini, mwisho wake paundi 50, hivyo mfumo wa 58 umeshaipita. Tafuta J30R9 au iliyo bora zaidi. Ndani ya tangi tumia J30R10 pekee, kwa kuwa hosi nyingine hazikutengenezwa kulowa petroli kwa nje. Hosi yenye utando wa tefloni ndiyo chaguo langu, hasa kama petroli ina ethanoli, maana haipitishi harufu kirahisi. Lakini inataka viungio vyake maalumu vyenye pete ndogo ndani, si vile vya hosi ya mpira.

Klipu za kawaida zenye matundu kwenye mkanda ziondoe. Mpira hujipenyeza kwenye matundu na kukatika. Tumia zenye mkanda laini unaokazwa kwa boliti na nati, na ncha ya bomba iwe na uvimbe wa kuzuia hosi isichomoke.

Zaidi ya yote, punguza idadi ya viungio. Kona iliyokunjwa vizuri kwenye bomba la chuma ni salama kuliko kiungio cha nyuzi 90, hata kama hicho kinapendeza macho.

Ukimaliza, washa pampu bila kuwasha injini, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungio. Zima pampu, tazama kama presha kwenye geji inashuka haraka. Rudia baada ya injini kupata moto na kupoa, kwani baadhi ya mivujo hujitokeza hapo tu. Na kabla ya kulegeza nati yoyote toa presha kwanza, kwa sababu mfumo huu huishikilia hata injini ikiwa imezimwa.