Nyimbo Zote Mfukoni, Sebene Halifiki

Hii simu yangu ina nyimbo zote za dunia, lakini sijamaliza hata mmoja. Gitaa likianza tu kupanda kwenye sebene, pale penyewe pa kutikisa bega, tii! "Ndugu mteja, bando lako limekwisha." Likiwepo bando, anapiga mtu wa mkopo. Ukipitisha mwezi bila kulipia programu, zinafungwa zote. Kaseti yangu ya zamani haikunidai nywila hata siku moja! Ilipoliwa na redio niliuvuta mkanda taratibu, nikazungusha kwa kalamu, tukaendelea. Hii ikigoma nizungushe nini?

Wataalamu wamehangaika, sikatai. Mwaka 1998 Wakorea walitoa MPMan, kidude cha kwanza cha MP3 kuuzwa madukani, nafasi yake MB 32. Hiyo ni nusu saa ya muziki, basi. Kwa rumba zetu za dakika kumi kumi, unaweka tatu na chenji. Mwaka 2001 Apple wakaja na iPod, GB 5, wanakwambia nyimbo 1,000 mfukoni. Bei dola 399! Mfuko wenyewe ulikuwa haujawahi kukutana na hela hiyo. Nikasema nasubiri ishuke. Nimesubiri, Mei 2022 wakatangaza hawaitengenezi tena, eti simu inatosha. Inamtosha nani? Kidude kile hakikuwa na mtu wa mkopo ndani.

Lakini kinachoniuma ni tundu la hedifoni. Walkman ya kwanza ya Sony, kile kidude cha kaseti cha kutembea nacho, 1979, ilikuwa nayo mawili. Mawili, jamani! Wajapani walijua mtu ana mwenzake. Wakaweka na kitufe cha rangi ya chungwa: mkikibonyeza muziki unashuka, mnaongea kwa kimaikrofoni, hakuna anayevua kitu. Toka mawili tukaja moja, toka moja sasa simu nyingi hazina kabisa, tumepewa vipunje vya kuchomeka masikioni.

Basi mimi na Mama Zawadi kwenye daladala tunagawana, kila mtu kimoja. Na wapigaji wa rumba wameweka gitaa moja kushoto, jingine kulia. Mwenzangu anapata solo, mimi toka Mbagala mpaka Kariakoo nakula ridhimu peke yake. Ananipiga kiwiko: "Umesikia hapo, Baba Zawadi?" Nisikie wapi! Nikamwomba tubadilishane masikio. Akagoma, chake ndicho chenye chaji zaidi.