Wachawi wa angani, shukeni!

Hivi jamani, mchawi anayeweza kung'oa jiji zima ardhini akaliacha linaelea mawinguni, anashindwaje kuamrisha ufagio ufagie wenyewe?

Nawauliza ninyi wacheza gemu wenzangu. Tazameni Dalaran, jiji la wachawi katika gemu la World of Warcraft, lile lililopaishwa hadi Northrend, bara la barafu la gemu hilo, mwaka 2008. Juu kuna minara ya zambarau na mabwana wenye majoho wanaojadili hatima ya dunia. Chini? Mtaro! Mtaro wa majitaka, angani! Na humo ndimo wanamojibanza walanguzi na kila asiyefaa kuonekana barazani. Bomba lenyewe linaishia hewani. Ukiteleza, safari njema. Na anayemwagikiwa huko chini, nani kamuuliza?

Zeal, ufalme unaoelea angani katika Chrono Trigger, gemu la 1995, ndiyo kufuru kabisa. Wenye uchawi wanaota jua juu ya mawingu, wengine wanauchapa usingizi mchana kweupe. Wasio na uchawi wako mapangoni wanatetemeka na zama za barafu. Kosa lao? Kuzaliwa. Basi! Kisha malkia anataka nguvu zaidi, anamchokoza Lavos, zimwi lililolala chini ya ardhi, visiwa vinaporomoka, na mawimbi yanafunika nchi ya nani? Haya, semeni!

Halafu hao hao wa minarani ndio wanaonituma kazi mimi mchezaji ndani ya gemu. Mimi, nisiye na hata mbawa! Eti nenda kaniletee majani, kaniletee manyoya ya ndege. Bwana, unapaisha jiji! Shuka ukachume mwenyewe!