Hoja ya tabianchi na kitabu cha bajeti ya halmashauri

Wanaozitaka halmashauri za Dar es Salaam zichukue hatua kuhusu mabadiliko ya tabianchi hukutana na jibu moja, na wengi wanaolitoa ni watu makini: Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayozalishwa duniani, hivyo kumsumbua diwani wa Kigogo kwa makosa ya viwanda vya Ulaya, Marekani na China ni kupiga hodi nyumba siyo. Takwimu hiyo ni ya kweli, na kwenye mikutano ya kimataifa ina uzito wake, kwa kuwa inahusu nani alipe. Mkazi wa bondeni ana swali la karibu zaidi: maji yatapita wapi yakishuka.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini. Hakuna baraza la madiwani linaloweza kuizuia mvua, lakini kati ya mvua na maafa kuna mtaro. Wingu likiwa zito, viroba vya taka vilivyokaa uani wiki nzima, ama kwa sababu gari halikupita ama ada haikulipwa, hutupwa mtaroni ili maji yavichukue. Mwenye choo kilichojaa naye hukitapisha usiku. Maji yakikuta chupa na magunia yamejibana chini ya kalavati, hugeuka na kupanda vibarazani yakiwa yamebeba vyote hivyo. Uzoaji wa taka ni kazi ya halmashauri, na mvua inapozidi kuwa kali, kosa dogo la ratiba ya gari la taka huwa kubwa.

Lipo pia suala la mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kibali cha ujenzi mjini hutolewa na halmashauri, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna utata. Utata uko kwenye udongo. Kingo za Mto Msimbazi, unaolikatiza jiji, zinamomonyoka, na mto unaopanuka huenda na mpaka wake: nyumba iliyojengwa mbali na maji inaweza kujikuta ndani ya mita hizo bila mwenyewe kusogeza tofali hata moja. Nani anapima upya, na kila baada ya muda gani? Mwenye nyumba mara nyingi hupata jibu siku anapokuta alama ya X nyekundu ukutani. Nyumba hizo, tukumbuke, nyingi zina luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, na tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo, bila luku kuuliza umbali wa mto.

Hapo ndipo penye pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine yote. Bomoabomoa ya Desemba 2015 katika bonde la Msimbazi iliacha familia zikilala nje, na kati ya waliopewa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko ya 2011, mbali na vibarua vyao, wapo waliorudi bondeni. Anayehofu kwamba tabianchi litakuwa jina jipya la bomoabomoa ana sababu ya kuhofu. Hata hivyo, hofu hiyo ni sababu ya kumbana diwani mapema, msingi unapochimbwa, kwa kuwa ukimya wa miaka mingi ndio unaoliita tingatinga.

Wengine husema halmashauri ni mikono mitupu, na kwa kiasi kikubwa wanasema kweli. Barabara za mitaa na mifereji yake zilihamia TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi nao uko chini ya wakala wa serikali kuu. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, nao uko mikononi mwa TARURA. Februari 2021 ile Halmashauri ya Jiji iliyoziunganisha manispaa zote ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji, ilhali bonde la mto limegawanyika kati ya Ilala, Kinondoni na Ubungo, na chanzo chake kiko milima ya Pugu. Kilichobaki halmashauri ni taka, vibali na maafisa mazingira. Ni kidogo, lakini ndicho hicho kinachoamua kama kalavati litapitisha maji.

Kwa hiyo hoja ya kupeleka haihitaji lugha ya mikutano ya kimataifa: magari mangapi ya taka yatakuwa barabarani kabla ya masika, nani atapima ukingo wa mto na kusimika nguzo zinazoonekana, na fungu lake liko ukurasa gani. Mwaka wa fedha huanza Julai, na makisio ya halmashauri hujadiliwa mapema mwaka, mvua kubwa hazijaanza. Anayefika kwa diwani mwezi Mei, maji yakiwa magotini, atapokewa kwa pole nyingi, na kitabu cha bajeti kitakuwa kimeshafungwa.