Kava haitengenezwi kwa kubonyeza enta mara ishirini

Jamani hili naomba nilisemee. Napokea sana ripoti za watu nizipitie kabla hazijaprintiwa, na karibu kila moja nikiwasha zile alama za aya kwenye Word nakuta kava, yaani ule ukurasa wa mbele, imejaa enta tupu kuanzia juu mpaka chini, yaani mtu kabonyeza enta mpaka kichwa cha habari kikafika katikati. Sasa ngoja abadilishe saizi ya fonti, jina lake linahamia ukurasa wa pili, utangulizi unaanzia katikati ya karatasi, na yeye anakesha kurekebisha kitu ambacho kisingemchukua hata dakika. Inaniuma kwa sababu kazi yenyewe ndani unakuta ni nzuri kabisa.

Ingia Insert, pale mwanzoni kabisa kushoto kuna Cover Page, ipo tangu Word ya 2007. Chagua muundo, basi. Hata kama kishale chako cha kuandikia (cursor) kiko ukurasa wa 40 kava itaenda kukaa mbele, na ukiona haijakupendeza chagua nyingine, ile ya kwanza inaondoka yenyewe. Mimi nashauri uchukue iliyotulia, zile zenye rangi ukurasa mzima zinamaliza wino tu.

Ila utamu wake siyo urembo. Vile visanduku vya kichwa cha habari na jina la mwandishi vimeunganishwa na taarifa za faili lenyewe, kwa hiyo kichwa ukikiandika kwenye kava unaweza kukiita tena kwenye heda, ile sehemu ya juu ya kila ukurasa, kupitia Insert, Quick Parts, Document Property, na siku ukikibadilisha sehemu moja na kule kwingine kinabadilika. Hapohapo ndipo penye mtego pia. Niliwahi kuandika ripoti kwenye laptop ya kuazima, nikaweka kava, nikaprinti nakala zote na kuzibaindi, kuja kuangalia jina la mwandishi ni la mwenye laptop! Word huwa inachukua jina la mtumiaji aliyesetiwa kwenye hiyo mashine. Tangu siku hiyo kabla sijaprinti chochote naenda kwanza File, Info, naangalia pale Author pameandikwa nani.

Na wale ambao kila siku mnakopi na kupesti sehemu ya sahihi, jedwali la gharama au aya ileile kutoka faili la zamani, huko ndiko makosa yanakoingilia, tarehe ya mwaka jana inabaki na huioni. Iandike mara moja ikiwa safi, isilekti, bonyeza Alt+F3, ipe jina fupi. Siku nyingine andika lile jina halafu F3, inakuja nzima na mistari yake. Unapofunga Word ikikuuliza kama usevu mabadiliko ya Building Blocks (ndiyo hivyo vipande ulivyohifadhi) kubali, ukikataa umepoteza.

Wa LibreOffice, mnaotumia programu hiyo badala ya Word, na nyie njia hii ya kuhifadhi vipande mnayo, ni Ctrl+F3 kuhifadhi na F3 kuita, ila kwenye kava Title Page yao inakupa ukurasa na kupanga namba za kurasa tu, urembo utajitengenezea mwenyewe.

Kama ofisi yenu ina kava yake rasmi, mmoja aitengeneze vizuri, aisilekti yote, arudi palepale Cover Page abonyeze Save Selection to Cover Page Gallery. Kwenye mashine hiyo itakuwa inatokea pamoja na zile zilizokuja na Word.