Huku wanakusema mbele za watu, kwetu wanakupa hongera

Wiki hii hapa chuoni, Sweden, kuna dada kapigilia tasnifu yake ya PhD ukutani. Msumari na nyundo kabisa, kitabu kizima kimetobolewa tundu kikaning'inizwa pale karibu na mlango mkubwa, watu wamesimama na kahawa na keki wanapiga makofi. Ni mila yao ya siku nyingi, kama wiki tatu kabla ya kutetea unaitundika kazi yako hadharani ili anayetaka aisome aje na maswali yake siku yenyewe. Siku hizi wanaiweka na mtandaoni lakini msumari hawajauacha.

Nikacheka, halafu hasira zikanipanda. Sio kwa yule dada, yeye hana kosa. Nilikumbuka tasnifu za masters za kwetu, unaenda kuifunga jalada gumu kwa yule jamaa wa stationery nje ya geti, herufi za dhahabu mgongoni, nakala moja idarani, moja maktaba, na hiyo ya maktaba inaingia kwenye kile chumba ambacho ukitaka kuisoma uje na barua, uache kitambulisho, na simu usitoe. Utafiti wa bodaboda na ajali za Morogoro huo, sio siri ya jeshi. Wanaoupata kirahisi ni wale madogo wa stationery wanaouza softi kopi kwa wenye haraka ya kugraduate.

Haya najua mshaanza. "Kaenda juzi tu keshakuwa mzungu huyo." Ndugu zangu, mimi nimesoma kwetu, nimekula madesa kama nyie, nimefundisha kwetu nikiwa Assistant Lecturer nikasahihisha skripti mpaka macho yakauma, na mshahara wa kwetu naujua. Sijasema huku kuna akili kuliko kwetu. Kuna wanafunzi niliowafundisha pale wangekuja huku wangewatoa jasho hawa. Ninachosema ni kitu kimoja tu, na nitakirudia mpaka mchoke: huku mtu akiona kazi yako ina tobo anakwambia wewe, mbele za watu, halafu maisha yanaendelea. Kwetu akiliona anamwambia mwenzake.

Chukua hiyo siku ya kutetea. Wanamleta mpinzani rasmi kutoka chuo kingine, mara nyingi hata nchi nyingine, ambaye hajaandika makala na supavaiza wako juzi juzi hapa. Anaanza kwa kuieleza kazi yako kwa maneno yake, kisha anaanza kuichambua, saa nzima, saa mbili, mbona umechagua hiki, mbona hukupima kile, wewe umesimama unajibu na mama yako mzazi kakaa mstari wa pili. Akimaliza kamati nayo inauliza, halafu ukumbi mzima unaruhusiwa, hata mpita njia. Jioni mpinzani na mtahiniwa wanakula meza moja na hotuba za utani. Mara ya kwanza kuona nilidhani wanaigiza.

Mtasema viva za kwetu nazo ni za wazi, tangazo linabandikwa. Ni kweli, sehemu nyingine ni za wazi. Lakini nani anauliza? Nitawapeleka kwenye semina ya idara ambayo wote mmeshawahi kukaa. Profesa anaprezenti. Grafu ipo pale ukutani, haina idadi ya sampuli, mstari umepanda kwenda juu kwa nguvu za Mungu. Ukumbi mzima umeiona. Anasimama wa kwanza: "Kwanza nimpongeze Profesa kwa wasilisho zuri sana." Wa pili: "Mimi sina swali, nina mchango kidogo tu." Mchango wenyewe ni kusifia mada kuwa imekuja wakati muafaka. Mwenyekiti anafunga, tunapiga picha ya pamoja, tunaenda kupata chai.

Na pale kwenye chai sasa! Chapati haijafika meza, ile grafu imeshachanwa vipande vipande. Watu wanasema sampuli hazitoshi, wanasema ile modeli hailingani na data, mmoja anatoa kalamu anaonyesha kwenye tishu ingekuwaje. Uhakiki safi kabisa, tena mkali kuliko wa hawa, wangeuandika vile ulivyo jarida lolote lingeupokea. Tunao wahakiki kwetu, wa kumwaga, wamejaa kantini. Asiyekuwepo pale ni Profesa peke yake, na ndiye aliyeihitaji ile tishu.

Sio woga wa kijinga nao, tuseme ukweli. Yule Profesa ndiye atakayekaa kwenye kamati ya kukupandisha cheo, ndiye atakayeombwa barua yako ya skolashipu, na pengine ndiye aliyemfundisha supavaiza wako. Fani nyingine ukikusanya mabingwa wake wote nchi nzima wanaenea kwenye Noah moja na kondakta anapata siti. Mtahini wa nje anatoka chuo cha jirani, alikuwa rumeti wa supavaiza. Sasa hapo nani atasema kazi hii irudishwe? Ukisema, hawasikii umekosoa jedwali la 4, wanasikia umemkosea adabu mzee.

Ndio maana nasema haya majarida ya kulipia yametukuta tayari. Jarida lisiloleta maoni, linaloleta invoisi, lilikuwa limetengenezwa kwa ajili yetu. Kila mtu ana zile imeili, "Mpendwa Profesa Mheshimiwa, tumesoma kazi yako bora", wakati wewe hata PhD huna. Siku tatu makala imekubaliwa, hakuna aliyekuuliza kitu, unalipa, unapata pointi zako, unapanda cheo. Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa jarida la Science, aliandika makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani inayotoka kwenye kuvumwani, ule ukungu unaoota kwenye magome na mawe, majaribio yenyewe yamekosewa makusudi kiasi kwamba mtu mwenye kemia nzuri ya form six angeshtuka, akaituma kwa majarida 304. Yaliyoikubali ni 157. Na unajua waandishi wa uongo aliwapa majina gani? Ya Kiafrika, ya kubuni, na taasisi za kubuni, mojawapo ya Asmara. Mimi hiyo iliniuma kuliko zile 157. Alijua jina gani halitashangaza mtu.

Haya njooni na ile ya pili, naiona mnaandika kwa herufi kubwa: WAZUNGU WENYEWE NI WEZI. Nakubali, tena nawasaidia. Hapa hapa Sweden, Karolinska, chuo cha tiba, hao wanaochagua Nobel ya tiba, walikuwa na daktari wa upasuaji anaitwa Paolo Macchiarini, aliyewawekea watu koo la hewa la plastiki. Mgonjwa wa kwanza, 2011, alikuwa kijana wa Eritrea aliyekuwa anasoma Iceland. Makala ikatoka Lancet, jarida ambalo sisi tungechinja ng'ombe kuingia, ikasema mgonjwa anaendelea vizuri. Kijana alifariki 2014. Madaktari wanne wa pale pale wakasema hizi makala si za kweli, uongozi 2015 ukamsafisha Macchiarini, mpaka televisheni ya taifa ilipoanika mambo Januari 2016. Lancet wakaziondoa 2018. Mahakama ya rufaa ikamhukumu miaka miwili na nusu 2023. Na wale wanne waliosema ukweli? 2018 chuo kilipotoa uamuzi wake nao waligawiwa lawama, kwa sababu majina yao yalikuwepo kwenye baadhi ya hizo makala.

Kwa hiyo huku nako kumsema mkubwa kuna gharama, sijawahi kusema ni bure. Na Hindawi je, ile kampuni ya kuchapisha majarida? Ilianzia Cairo, wachapishaji wenzao Wiley wa Marekani wakainunua 2021, na 2023 zikafutwa makala zaidi ya 8,000 za majarida yake kwa mkupuo, sehemu kubwa uhakiki wake ulikuwa maigizo. Na jarida la Nature, hao wenyewe wakubwa wa sayansi, ukitaka makala yako isomwe bure na kila mtu walianza 2021 kwa kutoza yuro 9,500. Piga kwa shilingi, ni zaidi ya milioni 25, hiyo ni kiwanja Kibaha na tofali juu. Halafu sisi Julai 2020 tulishangilia kuingia uchumi wa kati, kumbe kwa baadhi ya wachapishaji maana yake mwandishi wa Tanzania hasamehewi tena ada yote, anasamehewa nusu.

Na wahakiki wa huku nao wana vituko vyao. Kuna makala tuliyoandika watu wanne, mmoja kazaliwa Leeds, kakulia Leeds, babu yake wa Leeds. Mhakiki wa pili akaandika: Kiingereza ni dhaifu, tafuteni mzungumzaji mzawa awasaidie. Alishaona jina langu liko mwanzo akamaliza kazi. Yule jamaa wa Leeds alikasirika kuliko mimi. Yapo, nayajua, na lile la wanaokuja kwetu wanabeba sampuli za damu wanarudi nazo halafu aliyewatafsiria kijiji kizima anawekwa kwenye shukrani chini kabisa baada ya mfadhili, hilo nalo nitaliandikia siku yake.

Lakini angalia kitu kimoja kwenye yote hayo. Macchiarini alikamatwa na nani? Wenzake wa korido moja, waliokaa wakaandika kwa majina yao. Hindawi ilishtukiwa na watu waliokuwa wanasoma makala za wengine bila kutumwa. Hiyo tabia ndiyo naipigia kelele, wala sio majarida yao.

Maana hata huo uhakiki wenyewe, wa kumpa mtaalamu mwingine aisome makala kabla haijachapishwa, mnaodhani wazungu wamezaliwa nao, ni wa juzi. Nature imeufanya lazima kwa kila makala mwaka 1973, sisi tayari tuna Azimio la Arusha. Na Einstein, ndio, yule wa nywele, 1936 aliandika na mwenzake Rosen makala kusema mawimbi ya graviti hayapo, wakaituma jarida la Physical Review, mhariri akampa mtaalamu mwingine aisome, mtaalamu akarudisha kurasa kumi za maoni. Einstein akawaka kama Mkuu wa Idara yeyote wa Mlimani au Makerere: nimekuletea uchapishe, nani kakuruhusu umwonyeshe mtu? Akaichukua akaipeleka jarida lingine. Ila kabla haijatoka, yule mhakiki, Robertson, ambaye walikuwa mji mmoja Princeton, akakaa na msaidizi wa Einstein wakaongea kirafiki, akamwonyesha kosa liko wapi, kosa likafika kwa mzee, makala ikatoka 1937 na hitimisho limegeuka. Mawimbi yapo. Mnaona? Hata hapo ni maongezi ya korido yaliyosaidia. Sina ugomvi na korido. Ugomvi wangu ni kwamba ya kwetu haifiki kwa mwenye kazi.

"Pesa hatuna." Nimeisikia. Maabara ni pesa, kemikali ni pesa, ada za majarida nimeshazitaja. Lakini mhakiki halipwi hata huku, anasoma usiku baada ya kulaza watoto. Na majarida ya kuheshimika tunayo, msijidharau: WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari, pale Zanzibar wanatoa jarida la sayansi ya bahari tangu 2002, na lile jarida la Kiswahili la TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukilifuatilia ukoo wake unafika 1930 enzi za Kamati ya Lugha. Watu wanaopeleka makala huko wanarudishiwa na maoni kweli kweli, wananuna, wanarekebisha. Inawezekana na jua lile lile na umeme ule ule.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya grupu letu la WhatsApp la wahadhiri tuliosoma pamoja. Juzi kaka yetu mmoja, daktari, mtu makini, katuma makala yake mpya, jarida la maana tu sio la wale matapeli. Hongera Dokta, hongera sana, Mungu akuinue, makofi, keki, makofi. Nikaifungua. Nikauliza pale pale kwa adabu zote: kaka shikamoo na hongera, kwenye jedwali la 2 kaya za Ifakara zimepungua kutoka duru ya kwanza kwenda ya pili, zilihama au zilikataa kuhojiwa?

Grupu zima kimya. Baadaye mtu akatuma kadi ya mchango wa harusi.

Usiku kaka akanifuata inbox. "Mdogo wangu, swali lako zuri sana ila siku nyingine nitafute huku, pale watu watatafsiri vibaya." Halafu akanijibu. Akaeleza mafuriko yalivyozihamisha zile kaya, walivyozifuatilia kwa simu kupitia wenyeviti wa vitongoji, ngapi walizipata na ngapi walizikosa na kwa nini waliobaki bado wanawakilisha. Jibu zuri kuliko makala yenyewe! Nikamwambia kaka hili libandike kwenye grupu. Akasema acha tu mdogo wangu, yameisha. Sasa hapo mimi ndio mwenye dharau?