Njia za panya za Rombo zinalindwa na nani?

Siku ya soko Tarakea watu hawapiti njia moja. Wapo wanaopita getini wakagongewa mihuri, na wapo wanaokatiza migombani na kikapu kichwani, kwa sababu shamba liko huku na shemeji yuko ng'ambo, Kenya. Mimi ni mzaliwa wa Rombo, kwa sasa naishi Moshi mjini, na njia hizo nilizipita utotoni kabla sijajua kwamba zinaitwa za panya. Nikisikia mtu anasema "mpaka wetu uko salama, brigedi ipo", yaani kikosi kikubwa cha jeshi, huwa nauliza: brigedi inazijua njia hizi kuliko mama muuza ndizi?

Simaanishi kulidharau jeshi, hata kidogo. Kuweka brigedi mikoani lilikuwa jambo la busara. Brigedi ya Faru iko Tabora, ya Tembo iko Songea, ya Nyuki iko Zanzibar. Huku kwetu kaskazini, Arusha, mtoto anayekwenda kutazama mpira Sheikh Amri Abeid anaijua timu ya Mbuni na anajua ni ya wanajeshi. Monduli wanapikwa maofisa tangu 1976. Kamanda anayekaa mkoani anajifunza ardhi yake: mto unajaa mwezi gani, lori zito litakwama wapi, maji ya kunywa yako umbali gani. Mambo hayo huwezi kuyatawala kutoka Dar es Salaam kwa simu.

Na ardhi ya kaskazini ina tabia yake. Mlima umekaa katikati, milango ni miwili. Mmoja uko mashariki, Taveta na Holili. Mwingine magharibi, Longido, kwenye mbuga iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru. Waingereza walipoamua kuwatoa Wajerumani huku Machi 1916 waliitumia yote miwili. Jenerali wao, Smuts, alisukuma kutoka Taveta. Divisheni ya Stewart ikatoka Longido kuzunguka mlima kwa magharibi, ishuke Boma Ng'ombe na kuwafungia Wajerumani njia ya kurudi nyuma. Ilichelewa. Mbuga ile ni kavu, na walikuwa wakitembea kwa tahadhari katika nchi wasiyoizoea. Moshi ilitekwa, lakini jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa limeshateleza kuelekea Kahe, na vita ikaendelea hadi Novemba 1918. Mwenye maelfu ya askari alishindwa kuufunga mlango kwa wakati. Hayo ni ya wakoloni wawili kugombania nyumba isiyo yao, lakini mlima haujahama na mbuga haijahama.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Nguvu kubwa ya jeshi letu haikuwa pale. Brigedi ya magharibi makao yake yalikuwa Tabora, na ukitazama ramani utaona ni mwendo gani hadi mto Kagera. Waliokuwa nyumbani asubuhi ile ni wakulima na wafugaji. Mwalimu alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, uwezo huo ulihitaji wiki kadhaa kufika mahali pake. Waziri Mkuu Sokoine, mtu wa Monduli, aliwaagiza wakuu wa mikoa wakusanye kila kinachofaa kwa vita, na malori na mabasi ya watu yakabeba askari. Jeshi lililokuwa chini ya watu 40,000 likapanda kupita 100,000. Sehemu ya ongezeko hilo walikuwa mgambo, raia waliopewa mafunzo ya kijeshi.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Hakuwa mtu wa kusimulia risasi. Alichokirudia kila mara ni jinsi wenyeji wa kule walivyorudi kutoka mafichoni na kuwaonyesha askari visima na vijia. "Tulikuwa na bunduki," alikuwa akisema, "lakini macho yalikuwa ya wenyeji."

Ndiyo maana inaniuma ninapoona jina hilo la mgambo limefikia wapi. Kisheria ni Jeshi la Akiba. Lilipewa uzito na Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, miezi michache baada ya uvamizi wa Guinea na wiki chache baada ya mapinduzi ya Uganda, kwa fikra kwamba taifa maskini haliwezi kuweka kikosi kila kijiji ila linaweza kumfundisha mwanakijiji. Leo ukitaja mgambo mjini, kijana anamfikiria mtu anayebeba meza ya machinga. Mtoto wa jirani yangu alimaliza mafunzo: kwata, shabaha, usomaji wa ramani, ujanja wa porini. Alijigharamia chakula na sare. Baada ya gwaride la kufunga mafunzo akapata kazi ya kulinda geti la duka, usiku, na tangu hapo hakuna aliyemwita hata siku moja kukumbushwa alichofundishwa. Mwanangu naye alipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Oljoro, kwa mujibu wa sheria. Aliporudi, kwenye kata yetu hakuna aliyemwandika popote.

Daraja kati ya brigedi na kijiji lipo tayari. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa wa jeshi kabisa, na kila mkoa una Kamati ya Ulinzi na Usalama. Ninachotaka ni daraja hilo lipitike. Kijiji cha mpakani kiwe na daftari la waliopata mafunzo: nani yupo, nani amehamia mjini, nani ni fundi wa redio, nani ni muuguzi. Mara moja kwa mwaka waitwe, wafanye zoezi na askari wa brigedi kwenye ardhi yao wenyewe, msituni na migombani, na serikali iwalipe chakula na siku za kazi walizopoteza. Ofisa mgeni atembezwe njia za panya na watu waliozipita tangu utoto.

Wapo wanaoogopa kwamba tutazalisha wababe vijijini, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini sijasema bunduki zilale majumbani. Silaha zibaki kwenye ghala, chini ya jeshi. Kinachobaki kijijini ni maarifa, nidhamu na majina kwenye daftari.

Wengine wananiambia Kenya ni ndugu zetu, na mpaka ulipofungwa 1977 hadi 1983 hakuna aliyerushiana risasi. Kweli, na Mungu azidi kuuweka hivyo. Ila waulizeni watu wa Kitaya, Mtwara. Oktoba 2020 waliowavamia hawakuwa jeshi la nchi jirani. Lilikuwa kundi la watu wenye silaha waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na wa kwanza kukutana nalo walikuwa wanakijiji. Hatari ya namna hiyo haitangazi vita. Inakuja kwa njia ya mama muuza ndizi, usiku, na saa za kwanza ni za mwenyeji kabla gari la jeshi halijawashwa.

Ibara ya 28 ya Katiba inasema ulinzi wa nchi ni wajibu wa kila raia. Mimi naisoma kama ahadi yenye pande mbili: raia ajitoe, na nchi ijue alipo. Mkutano wa kijiji ujao nitapanda Rombo, nisimame mbele ya mwenyekiti niombe daftari hilo lifunguliwe, hata kama ni la karatasi za shule. Mwanangu ameshakubali jina lake liandikwe la kwanza.