Marudio ya Jeni za Musini Yasirukwe

Tukila ugali kwa mlenda karibu na stendi ya Moshi, mwenzangu wa maabara alishikilia kwamba anayesoma DNA ya wagonjwa kwa bajeti ndogo aziruke sehemu zinazojirudia katika jeni za musini, protini zinazofanya ute wa pua, mapafu na matumbo. Hoja yake ina uzito. Katika jeni ya MUC1, kipande cha herufi 60 za DNA hurudiwa mara 20 kwa mtu mmoja na hata 125 kwa mwingine, na wote wawili wakawa wazima. Tena mashine za bei nafuu husoma vipande vifupi tu, na vitendanishi ni ghali.

Lakini hoja hiyo inahesabu herufi na kuisahau kazi ya marudio. Katika protini, marudio hayo yamejaa serini na threonini, aina mbili za asidi amino (matofali ya protini), ambamo hujishikiza minyororo ya sukari inayokamata maji. Hata ule uzi uliovutika kutoka kwenye tonge la mwenzangu ulitokana na sukari ndefu za mmea zenye tabia hiyohiyo. Mageuzi ya viumbe hulinda wingi wa vishikio hivyo kuliko mpangilio wa kila herufi. Jeni za musini MUC6, MUC2, MUC5AC na MUC5B, zilizopangana kwenye kromosomu ya 11, ni ndugu wa asili moja, ila musini nyingine hazina undugu huo. Utafiti wa mwaka 2022 uliopitia jenomu (DNA yote) za aina 49 za mamalia ulikuta mara 15 ambapo protini isiyo musini ilipata marudio ikageuka musini. Sioni jinsi kitu kisicho na kazi kingezuka na kudumu mara zote hizo.

Linaloniuma zaidi ni habari ya figo. Upo ugonjwa wa kurithi unaoharibu figo za watu wazima polepole, na tangu miaka ya 1990 ilijulikana kwamba chanzo chake kimo kwenye kromosomu ya 1. Mwaka 2013 ndipo kilipoonekana: ndani ya marudio ya MUC1, penye sitosini (herufi C ya DNA) saba mfululizo, imeongezeka ya nane, katika rudio moja kati ya makumi. Herufi hiyo moja huvuruga usomaji wote unaofuata, na protini mbovu hurundikana ndani ya seli za figo. Usomaji wa vipande vifupi uliipita bila kuiona, kwa sababu kipande kilichotoka kwenye marudio yanayofanana hakijulikani ni cha rudio la ngapi. Mkojo wa mgonjwa huyo, nao, kwa kawaida hauna damu wala protini nyingi za kumshtua daktari.

Kwa uchunguzi wa jumla wa watu wengi, namkubalia mwenzangu. Ila pale baba alipokufa kwa figo na mwanawe sasa anafuata njia hiyo, majibu ya maabara yaandike wazi kwamba marudio ya MUC1 hayakusomwa, wala yasiandike kwamba hakuna kasoro.